Stara ya Sufuria

Kiswahili hakikuwa bahili kilipovigawia majina vitu vya jikoni. Weusi ulioko nje ya chungu, uletwao na moshi wa kuni, kiliuita masizi. Chakula kilichogandamana na kuungua chini ya chungu, kwa ndani, kilikiita ukoko. Maradhi ya chuma kilichopigwa na maji na hewa kiliyaita kutu. Utando wa uchafu ushikao chombo kilichowekwa siku nyingi bila kuoshwa kiliuita ukoga. Ni mambo manne yenye majina manne. Waliotoa majina hayo walikuwa wamekwisha kuona kwa macho na kugusa kwa mikono kwamba mambo hayo hayana asili moja, hayana madhara mamoja, wala hayana dawa moja. Kamusi ndogo ya jikoni ilikuwa elimu kubwa.

Leo majina yangalipo, lakini elimu iliyokuwa ndani yake yamwagika. Kila weusi uonekanao katika chombo huitwa uchafu, na kila uchafu hupewa dawa moja: mchanga, waya wa chuma na nguvu za mkono. Chombo kikisha kung'aa husemwa kuwa kimetakata, na mwenye chombo husemwa kuwa mtu safi. Hukumu hiyo ni nyepesi kutolewa, nayo ni batili.

Kosa hili lina hasara katika kila jiko, lakini hasara yake ni kubwa zaidi katika sufuria ya kupikia pombe ya nyumbani. Sufuria ya wali hulisha nyumba moja; sufuria ya pombe hulisha nyumba moja na kunywesha mtaa mzima. Sufuria ya wali ikitoboka, mwenyewe huazima nyingine kwa jirani. Sufuria ya pombe ikitoboka, biashara husimama, ada ya shule husimama, ila deni la ulezi sokoni halisimami. Asiyekunywa pombe hana haja ya kuionja ndipo aelewe shauri hili. Kama pombe yafaa kunywewa au haifai, dini na dola zina maneno yao. Shauri lililopo hapa ni namna chombo cha kazi kitendewavyo na watu wakitegemeao, na namna watu hao wahukumiwavyo kwa chombo.

Mfano ulio wazi ni mbege. Katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro pombe hii hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Ndizi humenywa na kuchemshwa saa nyingi mpaka rangi yake igeuke kuwa ya kahawia yenye wekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Maji huongezwa, na mchanganyiko huchujwa. Kwa upande wa pili, ulezi huloweshwa mpaka uchipue, hukaushwa, husagwa, na unga wa kimea hicho hupikwa uji mwepesi. Uji ukisha kupoa huchanganywa na maji ya ndizi, na baada ya kulala pombe huwa tayari. Wako watiao gome la msesewe kwa ajili ya uchungu. Basi upishi huu hukutana na moto mara mbili: mara ya kwanza kwa sukari ya ndizi, mara ya pili kwa wanga wa ulezi. Ni shida kupata vitu viwili vipendavyo kushika chini na kuungua kuliko hivyo.

Sababu yake haina uchawi. Chembe za wanga ni nzito kuliko maji. Uji usipokorogwa, chembe hizo hutua katika kitako cha sufuria. Zipatapo joto hunyonya maji, huvimba, hugeuka gundi, hushikamana. Gundi hiyo ikisha kushika, maji hayapiti tena chini yake kulichukua joto, na joto hukusanyika mahali pamoja. Kwanza huja rangi ya kahawia, ile ambayo Mfaransa Louis-Camille Maillard alianza kuieleza mwaka 1912, alipoonyesha jinsi sukari na asidi za amino ziunganavyo kwa joto na kuleta rangi na harufu. Rangi ya kahawia ikipita huja weusi, na hapo upishi umekwisha. Kilichobaki ni makaa. Ukoko, kwa hiyo, ni barua iliyoandikwa na moto. Husema kwamba kuni zilikuwa nyingi, au mwiko ulikuwa mvivu, au kitako cha sufuria kilikuwa chembamba. Asomaye barua hiyo hujifunza. Asiyeisoma huifuta tu, naye kesho huletewa nyingine yenye maneno yale yale.

Kesho yake humkuta binti wa nyumba kando ya bomba au mfereji, sufuria imelazwa ubavu, mchanga mkononi. Atasugua nini? Kwanza ukoko, na hiyo ni haki. Ukoko ukiisha ataona doa la kahawia, naye atalisugua. Doa likiisha ataona kijivu kizito kilichoenea ndani yote ya chombo, nacho atakisugua, mpaka bega limwume na sufuria ianze kurudisha mwanga wa jua. Hapo atasifiwa. Na kama angaliacha kile kijivu, shangazi au mama mkwe angalipita na kuuliza, "Mke gani huyu, sufuria yake nyeusi?" Swali hilo fupi limetoboa masufuria mengi kuliko moto.

Masufuria mengi ya siku hizi ni ya alumini, na alumini ina tabia yake. Haikubali kukaa uchi. Mara ikutanapo na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi, na ichemshiwapo maji tena na tena utando huo huongezeka na kuingia rangi ya kijivu au nyeusi. Weusi huu hautoki kwa moshi, basi si masizi. Hautoki kwa chakula, basi si ukoko. Haukili chombo, basi si mfano wa kutu, bali hukikinga. Wala hautoki kwa uvivu, basi si ukoga. Ni weusi wa tano, uliokuja na madini mapya baada ya majina ya kale kwisha kugawanywa. Kwa kuwa haukupewa jina, umekuwa kama yatima, na kila mkono waupiga.

Kiswahili kina neno lifaalo kabisa. Kitu kimfunikacho mtu asionekane uchi, kikamhifadhia heshima yake, huitwa stara. Weusi ule na uitwe stara ya sufuria. Ukisha kuitwa hivyo, jambo lote lageuka mbele ya macho: anayesugua mpaka madini meupe yatokeze haondoi uchafu, bali avua stara. Na chombo kilichovuliwa hakina neno la kujitetea isipokuwa kuvaa tena. Kitavaa, nacho kitavuliwa tena wiki ijayo, na kila mara kitapoteza unene kidogo. Moto haukumla mwenye sufuria hata senti moja hapo. Mchanga ndio uliomla.

Hasara haiishi katika unene. Mchanga na waya huacha michirizo. Uji upendao kushika hupata katika michirizo hiyo mahali pa kuwekea kucha. Kitako kilichopungua hupokea joto la mafiga kwa mabaka, hapa moto mkali na pale moto hafifu, na penye moto mkali ndipo wanga huanza kuungua. Hivyo mwenye kusugua sana huunguza upesi, na mwenye kuunguza upesi husugua sana. Huo ni mduara usio na mlango. Bidii, ambayo kwa kawaida humtoa mtu katika taabu, hapa ndiyo imfungiayo ndani.

Liko na jambo la afya, nalo lataka kusemwa kwa kiasi, bila kutishana. Mbege ni pombe yenye ukali wa asidi, na asidi na madini si wageni kwa wenyewe. Mwaka 2014 wachunguzi walichapisha habari za masufuria ya Kamerun yaliyotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu: yalipochemshiwa maji yenye asidi ya siki, madini ya risasi yalitoka katika chombo yakaingia katika maji. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10 zinazoendelea. Vyombo 15 miongoni mwa hivyo vilitoa mikrogramu 1 ya risasi au zaidi kwa kila mililita 250. Uchunguzi huo haukuwa juu ya kusugua, wala haifai kuulazimisha useme lisilosemwa. Stara haiwezi kukigeuza chombo kibaya kuwa chema. Atakaye salama kamili hana budi kununua chombo chema, na kukichachulia kinywaji chake mahali pengine pasipokuwa na madini hayo. Lakini somo moja halina ubishi: mtu apikaye kitu kikali katika alumini hana sababu hata moja ya kuitafuta alumini iliyo tupu.

Hapa huinuka kundi la pili, ambalo limechoshwa na mchanga, nalo husema kwamba basi ukoko uachwe wenyewe. Husema moto hutakasa kila kitu. Husema ukoko ni ladha, na hutoa ushahidi wa busaa ya Kenya ya magharibi, ambayo unga wake wa mahindi uliochachushwa hukaangwa juu ya bati mpaka ubadilike rangi kabla ya kutiwa kimea. Kama busaa yapata utamu wake kwa kuungua, husema wao, kwa nini mbege ionewe?

Ushahidi huo hauwasaidii wanaoutoa. Unga wa busaa hukaangwa; hauungui. Mkaangaji husimama juu yake, huugeuza bila kupumzika, na huuondoa motoni ufikapo kahawia. Ukifika weusi, kazi imeharibika, na yeye ajua. Kukaanga ni kazi ya mtu juu ya moto. Kuungua ni kazi ya moto juu ya mtu. Tena ladha ya kuungua ina ubaya mmoja usio na msamaha: haichujwi, haipoi, haichachuki ikaondoka. Ikisha kuingia katika uji itakaa mpaka katika kata ya mwisho. Na ukoko wa kale ulioachwa chini ya sufuria huungua tena kwa upishi mpya, ukaugawia upishi huo dhambi ya upishi uliopita. Asemaye kwamba moto hutakasa amesema kweli juu ya vijidudu. Juu ya makaa hakusema kitu. Ukoko lazima utoke. Ubishi uliopo ni juu ya namna ya kuutoa, na mahali pa kusimamisha mkono.

Kundi la tatu lina heshima zaidi, kwa sababu hutetea desturi. Hilo husema: mabibi walitumia majivu na magadi, na vyombo vyao viliwazika. Ni kweli. Lakini vyombo vile vilikuwa vipi? Vilikuwa vya udongo, vya chuma, vya shaba. Majivu na magadi yana nguvu ya alkali, nayo alkali hukata mafuta na kuyageuza mithili ya sabuni. Kwa chuma ni rafiki. Kwa alumini ni adui, kwa kuwa alumini huliwa na alkali kama iliwavyo na asidi kali. Maji mazito ya majivu yakichemshwa ndani yake huila stara kwanza na madini baadaye. Mwenye kutia kostiki ya kutengenezea sabuni ndani ya sufuria ya namna hiyo ataona povu likiinuka na kusikia mvumo. Asidhani ni uchafu unaolia, ni chombo chenyewe kinachoyeyuka. Majivu makavu kwa nje, juu ya masizi, kwa dodoki na maji kidogo, hayana neno. Mabibi hawakukosa. Chombo kilibadilika, na wajukuu wakabadili chombo bila kubadili desturi, kisha wakaiita desturi hiyo heshima kwa wazee. Mzee hupewa heshima kwa kufuatwa akili yake; na akili ya mzee ilikuwa kukitazama chombo kwanza, ndipo achague dawa.

Basi ipi njia ya haki? Ni ya polepole, na wepesi wake ndio huifanya idharauliwe. Sufuria ikisha kumwagwa uji na kupungua ukali wa moto, itiwe maji kabla ukoko haujakauka. Ukoko mbichi umeshika kwa gundi. Ukoko uliolala mkavu umeshika kwa mawe. Maji yalale usiku. Wanga hunywa maji na kuvimba, na kuvimba kwake ndiko kujing'oa. Asubuhi sehemu kubwa itainuliwa kwa mwiko wa mti kama gamba la samaki.

Isipoinuka, mpika pombe anayo dawa ndani ya gunia lake mwenyewe, ambayo huitupa macho kila siku. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walihimiza kimea kitiwe katika uji wa watoto, kwa sababu kiasi kidogo chake huulainisha uji mzito bila kuongezwa maji. Nguvu iliyomo katika nafaka iliyochipua hukata wanga vipande vipande. Nguvu ile ile ilainishayo uji wa mtoto hulainisha na uji ulioganda katika kitako cha sufuria. Konzi moja ya unga wa kimea katika maji ya moto ambayo hayajafikia kuchemka, yaachwe saa kadhaa, hufanya kazi ambayo mchanga hauiwezi: huenda mpaka penye mzizi wa ukoko. Maji yasichemke, kwa maana mchemko huua nguvu hiyo. Makaa yenyewe hayatayeyuka, kwani makaa hayayeyuki kwa maji wala kwa ndimu; lakini wanga ulioyashika ukilegea, makaa hayana pa kushika.

Likibaki doa, maji yenye ndimu, siki au ukwaju yachemshwe kwa moto mdogo kama dakika 10, kisha yamwagwe, na chombo kipanguswe kwa kitambaa au dodoki. Hapo ikumbukwe kwamba asidi hupunguza stara. Kwa hiyo chombo kisuzwe, kijazwe maji matupu, na yachemshwe nusu saa ili kivae tena kabla ya kupikiwa. Baada ya hayo mwenye chombo apitishe kidole, kisha anuse. Kidole kikiteleza, na pua isipopata harufu ya kuungua, kazi imekwisha, hata kama ndani pana rangi ya wingu la mvua. Katika kesi ya sufuria, kidole na pua ni mahakimu waadilifu. Jicho ni shahidi wa uongo.

Mtu asidhani kuwa haya ni mashaka ya jiko la kuni peke yake. Huko Marekani, ambako sheria iliyotiwa saini na Rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliwafungulia watu njia ya kupika bia nyumbani kwa matumizi yao bila kodi ya serikali kuu, wapishi wa bia hulalamika ukoko ule ule. Wao hutumia asali nzito ya kimea, ambayo ikimiminwa katika sufuria iliyo juu ya moto huzama na kuungua chini. Wenye uzoefu huzima moto kwanza, humimina, hukoroga mpaka iyeyuke yote, ndipo wawashe tena. Wengi wao hupikia chuma cha pua, nacho kina sheria nyingine: chastahimili asidi na alkali, lakini waya wa chuma hukikwaruza na kukiachia vumbi la chuma lishikalo kutu, na dawa ya klorini ikilala ndani hukitoboa vishimo. Walio na sufuria mpya za alumini hufundishana kuzichemshia maji mpaka zifanye weusi kabla ya kupikia bia ya kwanza. Huko weusi hutafutwa kwa makusudi. Huku hufukuzwa kwa mchanga. Madini ni yale yale. Kilichopo huku na kisichokuwapo huko ni jicho la jirani.

Mtetezi wa mng'aro hubakiwa na hoja moja, nayo ndiyo yenye uzito: usafi. Husema kwamba ni afadhali kuzidisha kuliko kupunguza, na kwamba asuguaye kupita kiasi hajamdhuru mtu kwa uchafu. Hoja hiyo na ipimwe kwa kazi nzima ya pombe. Sufuria ndicho chombo kimoja katika kazi yote ambacho kila siku ya kazi huchemka. Hakuna kijidudu cha pombe kisubiricho saa za mchemko. Lakini uji ukisha kupoa humiminwa katika pipa au ndoo. Hupita katika chujio. Huchotwa kwa kata. Hunywewa kwa kibuyu. Vyombo hivyo haviuoni moto. Humo ndimo ukoga huota, katika kona ya ndoo iliyokwaruzika, katika nyuzi za chujio, katika shingo ya kibuyu isiyofikiwa na mkono. Na mara ngapi chujio husuzwa kwa maji ya mkono mmoja na kuanikwa juu ya ua, huku sufuria ikisuguliwa asubuhi nzima? Jasho limemwagwa mahali penye macho ya watu, na hatari imeachwa mahali pasipo macho. Huo si usafi uliozidi; ni usafi uliopotea njia. Saa moja iliyoibwa na mng'aro ingalitosha kuchemsha chujio, kusugua kata, na kuanika kibuyu juani.

Saa hiyo ni ya nani? Aghalabu ni ya mwanamke au ya binti yake. Mkono wake ndio uliotoka malengelenge, bega lake ndilo lililouma, na daftari lake la shule ndilo lililongoja. Wapitao njia hawakumlipa, walimtazama tu. Kilabuni hakuna mnywaji aulizaye kama sufuria iling'aa. Huuliza kama pombe ni tamu, na utamu huo ulilindwa na yule aliyekoroga, hakuna sifa ya mng'aro ndani yake. Ikiwa jamaa yataka kumsifu mpika pombe, na imsifu kwa mambo yaliyo kazi: kwamba unga aliulowesha kwa maji baridi kabla ya kuutia motoni, kwamba mwiko wake ulifika kitako, kwamba kuni alizivuta nje uji ulipoanza kuwa mzito, na kwamba siku aliposikia harufu ya kuungua hakukoroga kwa hofu akaueneza ubaya, bali aliondoa moto, akahamisha uji wa juu, akauacha wa chini na hasara yake. Huyo ni fundi. Sufuria yake yaweza kuwa nyeusi kama usiku, naye akawa msafi kuliko mwezi.

Pengine wasomi watacheka. Watasema chuo kikuu hakikujengwa ili sufuria iliyoungua ijadiliwe, na kwamba lugha ina kazi kubwa zaidi: sheria, siasa, falsafa, sayansi. Wacheke, kisha wafikiri. Sayansi waitafutayo mbali imekaa juu ya mafiga matatu: wanga, sukari, oksidi, asidi, alkali, na nguvu ya kimea. Mambo hayo hayakosi watu wa kuyatenda. Hukosa watu wa kuyaandika kwa lugha ambayo watendaji huisema. Kila mwaka wanafunzi hutahiniwa ngeli na methali, na wachache miongoni mwao waweza kusema tofauti ya ukoko na ukoga. Neno lisilojulikana tofauti yake na jirani yake limekwisha kufa nusu. Na neno lisilozaliwa kwa ajili ya kitu kipya humwacha mwenye kitu hicho apapase gizani, mchanga mkononi, akidhani yuko kazini.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona chombo kimedumu, kimetunzwa na mtu ajuaye cha kuondoa na cha kuacha. Ukoko uondoke, kwa maji, kwa kimea na kwa subira. Masizi yaondoke kwa nje, kadiri isichafue mkono. Ukoga usipewe nafasi hata ya siku moja katika chujio na kibuyu. Kutu iogopwe na wenye chuma. Lakini weusi wa tano, uliojifuma wenyewe kwa maji na moto wa siku nyingi, uachwe mahali pake. Ni stara ya sufuria. Asiyeona aibu kuivua mbele ya watu asimwaibishe mwenziwe aliyeiacha.